Kadi Alizobeba Ndolo

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidole chake.

Tulikuwa tumemaliza kumzika Lavender. Waombolezaji walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakila muthokoi wa mahindi na maharagwe, na Rodgers alikuwa akipita kati yao akigawa kadi zetu mpya. Alizitoa kwa mikono miwili, kwa heshima, na watu walizipokea kwa sababu si rahisi kumkatalia mtu kitu kando ya kaburi bichi. Kisha kila mmoja alitafuta mahali pa kuiacha yake. Mwanamke mmoja aliisukuma chini ya kikombe cha chai. Mwingine aliichomeka kwenye ua wa miti. Mzee mmoja aliikunja pembe akaitumia kutoa nyama menoni.

Kalondu, mama yake Lavender, hakufanya hivyo. Aliisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma. Kidole chake kilipita chini ya maneno polepole mpaka mwisho, kikarudi mwanzo, kikapita tena. Halafu alifungua pindo la leso yake, akaitia kadi ndani, akafunga fundo na kulikaza kwa meno.

Nilifurahi. Nilikuwa nimesimama kando ya pikapu iliyoleta jeneza, nikajiambia kwamba angalau kadi moja imepata mtu wa kuitunza.

Mimi ni Mumbua. Nashona vitambaa vya ndani ya majeneza katika karakana ya Fundi Bartholomew Kisilu, hapa Mumbuni. Shule niliiachia darasa la tano, mama alipofariki na shangazi akahitaji mtu wa kuchota maji na kulea watoto. Sipendi kusema mbele za watu. Kazi hii inanifaa, maana ninaowashonea hawaniulizi kitu.

Lavender nilimjua. Tulichota maji mto mmoja, wao wakiishi ng'ambo ya kule na sisi ng'ambo ya huku. Kitambaa chake nilikishona taratibu, na Fundi alipoona nimekaa nacho muda mrefu hakuniharakisha.

Kadi zenyewe zilikuja hivi.

Fundi hakuwahi kuweka kibao cha majeneza barabarani. Nje tulipanga vitanda, viti na milango. Majeneza yalikaa nyuma ya pazia. Kwetu mtu hamwonyeshi mwenzake jeneza kama anavyomwonyesha kabati. Hata macho yake Fundi alikuwa ameyafundisha adabu. Seremala wa majeneza akikutazama kutoka kichwani hadi miguuni, utalala usingizi gani usiku huo? Kwa hiyo alimtazama kila mtu usoni tu. Bado walimtania sokoni.

"Fundi, leo nimevaa viatu virefu! Ukinipima utakosea!"

"Mimi natazama pua yako tu," angejibu, na watu wangecheka, lakini hakuna aliyesimama karibu naye muda mrefu.

Wateja walikuja kwa kuambiwa na mtu. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote, mpaka yakaja makampuni makubwa yenye magari meusi ya vioo, na vijana wenye tai wanaosimama karibu na lango la mochari. Mtu akitoka mle, kabla hajapangusa machozi, tayari ana kadi mkononi. Mbao zetu zikaanza kushika vumbi. Fundi akaanza kuniambia niende nyumbani mapema, na nilijua siku moja ataniambia nisirudi.

Hapo ndipo alipokuja Rodgers, mtoto wa ndugu yake Fundi. Alikuwa akifanya kazi kiwandani kule Mavoko. Kiwanda kikapunguza watu, naye akafika kwetu na begi moja na maneno mengi.

"Anko, kazi yako ni safi. Lakini nani anaijua?"

"Anayehitaji huijua."

"Anayehitaji siku hizi anaangalia kadi. Wale wengine wako na kadi, wako na kalenda, wako na kofia hata."

"Kofia ya jeneza?"

"Kofia ya kampuni, Anko!"

Fundi alisukuma randa yake mpaka mwisho wa ubao. "Rodgers, kazi hii haimwiti mtu. Inaitwa."

Ndolo alikuwa amekaa kwenye gogo lake karibu na mlango. Huyu ndiye baba yake Lavender, na alikuwa rafiki wa Fundi tangu ujana wao, walipokuwa wakipasua mbao kwa msumeno wa watu wawili: Fundi juu ya gogo, Ndolo shimoni chini yake akila vumbi la mbao. Sasa kifua chake kilikuwa kibovu, na alidai ni vumbi lile lile. Karibu kila asubuhi alikuja na mkongojo wake kututazama tukifanya kazi. Juu, kwenye paa, kulikuwa na mbao za mti wa muuku ambao waliuangusha na kuupasua pamoja, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Walikuwa wameagana kwamba atakayetangulia atalazwa ndani yake. Akitangulia Ndolo, Fundi atatengeneza. Akitangulia Fundi, Ndolo alisema atajaribu mwenyewe, na wote wawili wataona aibu.

"Mpe kijana kadi zake, Kisilu," Ndolo alisema siku ile. "Watu wakisahau mahali ulipo, mimi nitazikwa na wageni wenye tai."

Kwa neno hilo la Ndolo, Fundi akakubali.

Walizozana juu ya kadi ile kama watu wanaojenga nyumba. Rodgers alitaka picha ya jeneza lenye vishikio vya dhahabu; Fundi akakataa. Rodgers akataka rangi ya zambarau. Fundi akasema nyeupe, kama shuka. Ndolo akasema wachore mti, maana mti haumwogopeshi mtu. Wakakubaliana: mti mdogo, jina la Fundi, "Useremala na Mazishi", Mumbuni, na nambari ya simu. Rodgers alileta vipande vya karatasi kutoka kwa Mike, mwenye duka la kuchapisha mjini, ili tuchague uzito. Fundi akanigeukia.

"Wewe unajua vitambaa. Ipi?"

Nilizishika zote, nikaonyesha moja kwa kidole.

"Mumbua amehutubia!" Ndolo akasema, na wote wakacheka, hata mimi.

Rodgers aliporudi kutoka mjini alisema Mike ni mtu mzuri. Ameona upande wa nyuma uko tupu, akamwongezea maneno ya kawaida, bure.

Kabla kadi hazijatoka, Lavender aliugua. Ulikuwa ugonjwa wa damu, wa haraka. Kadi zilitoka asubuhi ya mazishi yake, Rodgers akazipitia kwa Mike tukiwa njiani, jeneza likiwa nyuma ya pikapu.

Baada ya siku ile, Ndolo hakuja tena kwenye gogo lake. Tulidhani ni majonzi. Fundi alienda kumsalimu, akamkuta Kalondu amesimama mlangoni.

"Amelala," Kalondu alisema.

Akaenda tena juma lililofuata. Amelala. Akaenda na sukari na majani ya chai. Kalondu hakunyoosha mkono kuvipokea. Kanisani aliketi mbali nasi. Fundi alikuwa mtu wa kunyamaza, lakini nilimwona akikosea vipimo, na nilimwona akifagia pale kwenye gogo ambapo hakuna aliyekaa. Hakujua amemkosea nini rafiki yake. Sisi pia hatukujua. Rodgers aliendelea kugawa kadi, kanisani, sokoni, hata langoni kwa mochari, na kadi hazikuleta mtu.

Ndolo alifariki mvua za Novemba zilipoanza. Katekista ndiye aliyetupasha habari. Fundi alinawa mikono, akapanda ngazi, akashusha mbao za muuku moja moja bila kutaka msaada. Akazipangusa. Akazilaza kwenye meza ya kazi. Kisha akaketi.

"Hatuanzi?" Rodgers aliuliza.

"Hatujaitwa."

"Anko, tukingoja, wataenda kwa wale wa magari."

"Basi wataenda."

Kesho yake asubuhi Kalondu alikuja. Alikuja kwa miguu, matope mpaka kwenye vifundo, na wanawake waliomsindikiza wakabaki nje. Hakutusalimu. Alilifungua fundo la leso kwa meno, akatoa kadi, akaiweka juu ya mbao za muuku, upande wa nyuma ukitazama juu.

"Mlinikaribisha tena," alisema. "Nimekuja."

Fundi aliitazama kadi. Bila miwani haoni maandishi madogo. "Mumbua," alisema, "nisomee."

Nikaweka kidole chini ya maneno. "Asante," nilisoma. "Karibu tena."

Nilikuwa nimeyaona maneno yale mara nyingi. Yako kila mahali: kwa kinyozi, kwa duka la dawa, kwenye karatasi unayopewa hotelini baada ya chai. Mike aliyaandika, Rodgers aliyaona, na macho yetu yote yaliyapita kama yanavyopita ukuta. Sikuyasikia mpaka yalipotoka mdomoni mwangu, mbele ya mwanamke aliyemzika binti yake na kupewa karatasi inayomwambia arudi.

"Anti," Rodgers alianza, "ni yule wa kuchapisha. Aliongeza tu. Yeye huandikia kila mtu..."

"Mimi ni kila mtu?"

Kalondu alikuwa akitazama mkono wangu, ambao bado ulikuwa juu ya kadi. Niliuondoa.

"Udongo wa mtoto wangu ulikuwa haujakauka," alisema. "Nikasoma, nikadhani ni machozi yananidanganya. Nikasoma tena. Nyumbani nikamwonyesha mume wangu. Unajua alifanya nini, Kisilu?"

"Sijui."

"Alicheka. Alicheka mpaka kifua kikamshika. Akasema, 'Maskini Kisilu, biashara imemlemea. Mwambie kadi zake nitazibeba mimi, nikamtafutie wateja huko ninakokwenda.'"

Fundi alifunika mdomo kwa mkono. Sikujua kama ni kicheko au ni kilio. Mabega yalitikisika tu.

"Mimi sikucheka," Kalondu alisema. "Nilimkataza kuja hapa. Wewe nikakufungia mlango. Akaniomba, nikakataa. Siku zake za mwisho amezimaliza bila wewe, kwa sababu ya karatasi."

Nje mvua ilikuwa ikigonga mabati.

"Nilitaka kwenda kwa wale wa magari. Lakini yeye alisema Kisilu, na neno la aliyeondoka sitalivunja. Tengeneza. Lakini kadi hizi, kwa kuwa alisema atazibeba, azibebe. Zilizo hapa na zilizo kwa watu, zote. Sitaki mwanamke mwingine azike mtu wake halafu akaribishwe tena. Ikibaki moja juu ya ardhi, jeneza nitalipokea. Lakini wewe mwenyewe, Kisilu, Jumamosi tunapomzika usikanyage kwangu."

Akaichukua kadi yake, akaifunga tena kwenye leso, akaenda.

Nilidhani Fundi atasema jambo la kujitetea. Angeweza kusema kwamba hakuandika, kwamba hakuona, kwamba hakuzitaka kadi tangu mwanzo. Alichukua randa.

"Mwende mzitafute," alituambia.

Rodgers ana kipaji kimoja: hasahau uso aliowahi kuupa kitu. Alizunguka nami nyumba kwa nyumba, na mdomo ule uliokuwa na maneno mengi ukabaki na machache. "Hodi. Tumekuja kuomba ile kadi yetu. Tulikosea." Watu walitushangaa. Kadi ya kwenye ua tuliikuta imelowa, imenata kama jani. Mwimbaji mmoja alikuwa ameifanya alama kwenye kitabu cha nyimbo. Mwanamke wa ile ya chini ya kikombe alisema aliwashia moto, akatuonyesha jiko, na Rodgers akainama kuchungulia majivu kama mtu aliyepoteza pete.

Susu Kalekye, bibi kizee anayeishi karibu na kanisa, alikataa kabisa kutoa yake. Alikuwa ameikunja na kuiweka chini ya mguu wa meza.

"Tangu niiweke, meza imeacha kucheza. Sasa mnataka icheze?"

"Susu, tutakuletea karatasi nyingine."

"Nyinyi ni maseremala au ni makarani? Tengenezeni meza!"

Rodgers akarudi karakana kuchukua zana, akatengeneza meza. Susu Kalekye akaitikisa kwa mikono yake miwili, akaridhika, akatukabidhi kadi. Kisha akauliza tunaipeleka wapi. Rodgers akamweleza yote, bila kujificha. Bibi yule akasema, "Yule Ndolo alipenda mzaha tangu akiwa mdogo. Mwambieni Kisilu asilie sana."

Kwa Mike tulichukua zilizobaki kwenye boksi. Rodgers alipomweleza, Mike alivua kofia. Alisema maneno yale yamekaa kwenye kompyuta yake tangu alipofungua duka, na hajawahi kuyafikiria.

Kadi moja ilikuwa imeenda mbali. Mwendeshaji boda boda aliyewaleta wageni kutoka Masinga kwa mazishi ya Lavender alikuwa ameitia kwenye kava ya simu yake. Ijumaa, Rodgers aliondoka alfajiri kwenda Masinga, akarudi jioni uso wake ukiwa mwekundu kwa vumbi.

"Ameniuliza kama nina wazimu," alisema, akaiweka kadi mezani. "Nikamwambia labda."

Jeneza lilikuwa tayari. Sijawahi kuona kazi nyingine kama ile. Fundi hakulitia vishikio vya kung'aa wala rangi. Aliipaka mbao mafuta tu, ikang'aa yenyewe. Kwetu mto wa marehemu hujazwa maranda yaliyotoka kwenye mbao za jeneza lake. Safari hii nilijaza maranda ya muuku na kadi katikati, na Fundi akatia mkono wake ndani ya mto, akazitawanya ili zisikae kwa mafungu.

"Asilalie pembe," alisema.

Lakini zilikuwepo zile tulizogawa langoni kwa mochari, kwa watu ambao hatukuwauliza majina. Hao hatukuwa na njia ya kuwapata. Rodgers alilisema jambo hilo mwisho, wakati nashona mdomo wa mto.

"Anko, mwambie ni zote. Nani atajua?"

Fundi akarudi kupangusa kifuniko. Nami niliendelea kushona, nikiomba moyoni asiulizwe.

Jumamosi mvua ilikatika. Tulimchukua Ndolo mochari, tukafika kwake na pikapu, na Fundi akashuka nje ya lango, akasimama pale na kofia mkononi. Wanawake walikuwa wakiimba. Kalondu alipotoka kuja langoni, wimbo ulipungua mpaka ukakatika, kwa sababu kila mtu alishasikia habari za kadi.

"Ni zote?" Kalondu aliuliza.

Rodgers alitazama viatu vyake. Rafiki yake alikuwa ndani ya pikapu, hatua chache tu, na neno moja dogo lilitosha kumwingiza.

"La," alisema. "Ni zile tulizojua zilipo. Kuna watu tuliwapa kule mochari, hatukuwauliza majina. Hizo bado ziko duniani. Siwezi kukudanganya mbele ya Ndolo."

Kalondu alimpita, akaenda kwenye pikapu. Aliweka kiganja juu ya mbao za muuku, akakipitisha taratibu kufuata mistari yake. Kisha akalifungua fundo la leso.

"Na hii," alisema. "Hii nilikuwa nayo mimi. Ungeniambia ni zote..." Hakumaliza. Alinipa ile kadi. "Ishone na zile nyingine." Halafu akamwambia Fundi, bila kumtazama, "Ingia. Amekungoja muda mrefu."

Rodgers alifunua kifuniko cha jeneza, nami nikafumua pembe ya mto palepale langoni, nikaitia kadi, nikashona. Mshono ulikaa sawa.

Kaburini, vijana walijitayarisha kushuka kulipokea jeneza kama ilivyo desturi. Fundi akavua koti, akampa Rodgers. Walimwambia, "Mzee, acha, tutashuka sisi." Hakuwasikiliza. Wakamshika mikono, akashuka polepole mpaka kichwa chake kikawa chini ya nyasi, akainua mikono kumpokea rafiki yake. Katika kazi yao yote ya kupasua mbao, Ndolo ndiye aliyekuwa shimoni. Udongo ulimwangukia Fundi kichwani na mabegani, na hakuupangusa.

Baada ya mwaka mpya Kalondu alikuja karakana. Alitusalimu kila mmoja, akaketi kwenye gogo la Ndolo bila kuuliza, na Fundi akaendelea na kazi kama aliyemzoea pale.

"Kadi hamna tena?" akauliza.

"Sina hamu nazo," Fundi alisema.

"Watu wa mazishi wananiuliza ni nani aliyefanya kazi ile. Kila siku naeleza njia: pita kanisa, pita bwawa la ng'ombe, uliza mwenye vitanda. Kisilu, nitaeleza njia mpaka meno yaniishe?"

Kwa hiyo tukatengeneza kadi nyingine. Mti ule ule, jina, kazi, Mumbuni, nambari ya simu. Kalondu ndiye aliyesema nyuma paachwe wazi, kwa kuwa mtu aliyefiwa ana mambo mengi ya kuandika na hana karatasi karibu. Fundi naye akaweka sharti lake: hatumpelekei mtu kadi. Anayeuliza ndiye anayepewa. Tangu hapo Kalondu hubeba chache kwenye fundo la leso yake, na watu huuliza. Siku hizi siendi nyumbani mapema.

Mike alipotuletea ya mfano, Fundi alisema haitachapishwa mpaka Mumbua aisome kwa sauti, pande zote mbili. Nikasoma mbele. Nikaigeuza. Kidole changu kikapita upande mtupu, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, kuhakikisha.

"Anasoma nini hapo?" Rodgers akasema. "Upepo?"

Kalondu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia. Kisha akaacha kucheka, akakishika kidole changu, akakigeuza kama mtu anayetafuta mwiba.

"Lavender wangu alikuwa akisoma hivi. Mimi ndiye niliyemzoesha, kidole kisiruke hata neno moja. Wewe nani alikufundisha?"

Nilisema, "Shule," nikachukua sindano yangu.

Haikuwa shule, Mama Lavender. Shuleni nilitoka na herufi tu. Maneno marefu yalinishinda. Ni yeye. Ni kule mtoni wakati wa kiangazi, tulipokuwa tukingoja maji yajae kwenye shimo la mchanga. Aliniandikia mchangani kwa kijiti, akanishika kidole, akakipitisha chini ya kila neno, na nilipotaka kuruka alinirudisha. Nilimwapisha asimwambie mtu kwamba msichana mkubwa kama mimi hajui kusoma, naye hakumwambia mtu, hata wewe. Siku ile ulipoweka kadi juu ya mbao na Fundi akaniambia nisome, nilisoma kwa kidole alichonipa Lavender, naye alikipata kwako.